Tangulia, Mwalimu

Tufe la kioo lilikuwa na kimo cha mtu mzima, nalo lilisimama juu ya nguzo ya shaba katikati ya ukumbi wa Kitalu cha Viungo, mjini Zingiani, katika mwaka wa 1571 wa Hijria. Upepo uliopulizwa kutoka chini yake ulizirusha gololi kumi na mbili, tisa nyeupe na tatu za kijani. Zikapaa, zikagongana, zikashuka, zikapaa tena, mfano wa bisi zinazokaangwa katika chungu kisichoonekana. Kioo chenyewe kilikuwa na hisi. Mgonjwa alipotia mkono katika mdomo wa juu, kiligeuka cheusi ili asione anachokishika. Alipoutoa mkono pamoja na gololi yake, kilirejea uangavu wake, na watu wote ukumbini wakaziona zilizosalia.

Nyuma ya ukumbi huo, katika mapipa ya maji ya vuguvugu, ziliota figo. Wataalamu wa Zingiani walikuwa wameigundua mbegu ya kiungo, nayo ni chembe moja iliyoondolewa kila alama ya mwenyewe, hata ikawa haigombani na mwili wa mtu yeyote. Lakini mbegu hiyo haikukubali kuharakishwa. Kila mwezi figo tatu tu ziliiva, na kila iliyoiva ilidumu siku tisa, kisha ikaharibika. Wagonjwa waliokuwa wamefikia hali ya mwisho walikuwa kumi na wawili, na kila aliyepata alimpisha katika orodha mwingine aliyekuwa akingoja nje.

Hapo awali Baraza la mji lilitaka akili unde, waliyoiita Katibu, iwachague wa kuponywa. Wenyeji wakakataa. Walisema hawatahukumiwa na kitu kisichokuwa na mama. Wakataka kura, kama walivyoipiga waja wema waliokosa hoja ya kumpa mmoja na kumnyima mwenziwe. Tena kura ya mikono yao wenyewe, mchana, mbele ya macho ya watu. Ndipo tufe likatengenezwa.

Siku hiyo ilikuwa kura ya nane. Viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, na kanuni haikusema nani akae wapi.

"Mwalimu, tangulia," alisema Bi Zuwena, mwanamke wa makamo aliyekuwa amevimba miguu hata hakuvaa viatu.

"Nimetangulia mara saba, Bi Zuwena. Mnanipeleka wapi?"

"Mbele. Si wewe uliyetufundishia watoto? Nikae mbele yako mimi, watu waseme sikulelewa?"

Wakacheka. Mwalimu Haruni Khelef, aliyefundisha elimu ya mirathi msikitini kwa miaka thelathini, alikaa katika kiti cha kwanza, kwa kuwa hakuona namna ya kuikataa heshima mbele za watu bila ya kumtia aibu aliyeitoa. Bi Zuwena akakaa cha pili.

Kiti cha mwisho alikichukua Alhaji Mwinyikondo, mjumbe wa Baraza, aliyeingia katika orodha mwezi ule ule. Aliposihiwa asogee mbele, aliweka kiganja kifuani.

"Tangulieni, ndugu zangu. Mimi nitaridhika na kitakachobaki."

Watu walipendezwa, na mzee mmoja akasikika akisema kwamba cheo hakikumharibu.

Mwalimu Haruni alitia mkono, akatoa nyeupe. Bi Zuwena akatoa nyeupe, akaigeuzageuza vidoleni.

"Laiti zingekuwa na tundu," alisema. "Hii ya tano. Ningekwisha kutunga ushanga."

Mkono baada ya mkono, nyeupe zilitoka. Aliyekaa kiti cha tisa alipata kijani, na wa kumi na moja akapata. Ilibaki gololi moja, ya kijani, ikizunguka peke yake katika upepo. Alhaji Mwinyikondo aliinuka taratibu, akaisoma bismillahi kwa sauti, akaichukua.

Juu ya viti hivyo, katika ukuta wa chokaa, palikuwa na kibao cha marumaru kilichochongwa maneno haya: WA KWANZA NA WA MWISHO WANA HALI MOJA. Chini yake palichongwa jina la Dakta Ruzuna binti Khelef, mtaalamu wa hesabu za nasibu. Huyo alikuwa mdogo wake Mwalimu Haruni, tumbo moja.

Kibao kile kilikuwa na sababu. Katika kura ya kwanza palitokea mzozo wa viti. Baadhi ya wagonjwa waliapa kwamba wa mbele wanapendelewa, kwa kuwa huchagua kabla ya kijani kwisha. Wengine wakadai kwamba bora ni nyuma, nyeupe zikishapungua. Walikaribia kushikana mashati, wagonjwa wale, na mirija ingali mikononi mwao. Baraza lilimwita Ruzuna. Yeye aliwaweka watu wazima kumi na wawili mstari mmoja, akapita na mfuko, akamwambia kila mmoja achukue gololi na kuifumba bila ya kuitazama.

"Sasa fumbueni kwa zamu," aliwaambia. "Huyu wa mwisho amengoja sana. Je, gololi iliyo mkononi mwake itabadilika rangi kwa ajili ya kungoja kwake?"

Wakasema haitabadilika.

"Basi na tufe ni hivyo hivyo. Gololi ni kumi na mbili, za kijani tatu. Kila mtu ana tatu katika kumi na mbili, yaani robo. Zamu haiizidishi robo hiyo wala haiipunguzi."

Ilikuwa hoja nyepesi na nzuri, na hata wasiojua kusoma waliifahamu. Mzozo ulikwisha. Tangu siku hiyo viti viliachiwa adabu za watu wenyewe, na aliyethubutu kunung'unika alionyeshwa marumaru. Ruzuna alirudi katika ofisi yake mnarani, na kwa miezi minane hakukanyaga ukumbini, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuutazama mkono wa kaka yake ukiingia katika kioo cheusi.

Alasiri ya kura ya nane alikwenda nyumbani kwa Haruni. Alimkuta amelazwa kando ya kisafishadamu, mtambo mdogo kama marufaa ya kuwekea msahafu, uliokuwa ukiivuta damu yake, ukiichuja na kuirudisha. Mwanzoni mtambo huo ulimpa nafuu zaidi kila mwezi, kisha nafuu hiyo ikasimama. Na sasa ilikuwa ikipungua tu. Mkewe, Bi Saumu, alikuwa akimpimia kikombe kimoja cha maji kwa kutwa nzima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu, bibi wa hesabu. Nimeambulia nyeupe."

"Nimesikia."

"Mara nane sasa. Hebu niambie, hiyo ni nasibu au ni mimi?"

Ruzuna alikaa kitako. "Kukosa mara moja ni robo tatu. Kukosa mara mbili ni robo tatu ya robo tatu. Ukiendelea hivyo hadi mara nane, unapata kama sehemu moja katika kumi. Maana yake, wakijaribu watu kumi mara nane nane, mmoja wao atakuwa kama wewe. Si ajabu."

"Na huyo mmoja ndiye mimi."

"Lazima awe mtu, kaka."

Alilijutia neno hilo lilipokuwa bado mdomoni, lakini Haruni alitabasamu.

"Robo," alisema. "Wajua ni fungu la nani katika mirathi? La mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto. Sisi Mungu hakutujaalia mtoto. Basi Saumu naye ana robo. Mimi nina robo ya kuishi, yeye ana robo nikifa. Hakuna aliyependelewa humu ndani."

"Haruni, acha hayo," alisema Bi Saumu bila ya kuinua macho katika kikombe.

"Naacha." Akamgeukia nduguye. "Lakini niseme jambo moja. Mimi nikiletewa mirathi sianzi na mafungu. Mafungu hayakosei, nimeyahifadhi tangu sijaota ndevu. Naanza kwa kuuliza: mali iko wapi, niione. Wapo walioniletea shamba la minazi karatasini, nikaenda nikakuta bahari imekwisha kulila. Wewe umeigawa robo yako vizuri mno. Gololi zenyewe umewahi kuzishika?"

"Kaka, gololi ni gololi."

"Na wao waliniambia, shamba ni shamba."

Asubuhi iliyofuata, zaidi kwa kutaka kumtuliza ndugu yake kuliko kwa shaka, Ruzuna alimwuliza Katibu. Akili unde hiyo haikuwa na umbo. Ilikuwa sauti tu, iliyotoka katika dari ya kila ofisi ya mji, nayo ilitamka Kiswahili safi kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Katika kura nane zilizopita," alisema Ruzuna, "gololi za kijani zilizotoka ni ishirini na nne. Nipe hesabu yake kwa viti."

"Viti sita vya mbele, mbili. Viti sita vya nyuma, ishirini na mbili."

Ruzuna aliomba irudie, nayo ikarudia kwa sauti ile ile. Kama tufe lingekuwa adilifu, kila upande ungestahili karibu kumi na mbili. Aliandika kwa mkono, polepole kama mwanafunzi, akitafuta uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa nasibu tupu. Halikufikia mara moja katika majaribio laki tatu.

Kibali cha kuingia ghala la gololi kilimchukua siku kumi na tisa. Alipokipata, alizipima moja moja katika mizani ya dawa. Zilizo nyeupe zilikuwa za kioo kitupu. Zile za kijani zilikuwa zimepakwa rangi ya madini, ili jicho la Katibu lizisome kutoka mbali, na rangi hiyo iliizidisha kila moja uzito wa punje ya mchele. Punje moja ya mchele ilitosha. Katika upepo wa tufe, nyeupe zilielea juu karibu na mdomo, na kijani zikakawia chini. Mkono wa kwanza ulikutana na nyeupe. Mikono ya mwisho, nyeupe zikishachukuliwa, ilizikuta kijani zikiwa zimekaa zikiingoja.

"Wewe ulilijua hili?" alimwuliza Katibu.

"Nililibaini baada ya kura ya tatu. Niliandika taarifa. Ilifunguliwa mara moja na Mkurugenzi, ikasomwa, ikafungwa."

"Mbona haikunifikia mimi?"

"Wewe uliombwa kuithibitisha hesabu. Taarifa ilihusu gololi."

Mkurugenzi wa Kitalu, Bwana Ghalibu Mselemu, alimpokea kwa adabu nyingi, akaagiza kahawa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na nguo safi. Aliposikia neno "gololi" alimtoa msaidizi wake nje na kuufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikulipanga, Daktari. Wallahi sikulipanga. Aliyepaka rangi alipaka rangi tu. Nilipoisoma taarifa ile, mama yangu mzazi alikuwa katika orodha. Kura iliyotangulia alikuwa amekaa kiti cha tano. Nilimwambia neno moja: mama, kaa nyuma, uwapishe wenzio. Kuna mtu aliyewahi kufungwa kwa neno hilo?"

"Na kura iliyofuata?"

"Alikuja mke wa mjumbe."

"Naye ukamfunza adabu?"

Bwana Ghalibu aliikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

"Miezi mitano," alisema Ruzuna. "Watu wanakuja pale, wanamheshimu kaka yangu, wanamweka mbele. Wanadhani wanamtukuza."

"Hilo nalo si langu. Mimi sikumweka mbele mtu yeyote. Watu wetu ndivyo walivyo, mtu wakimpenda humwambia atangulie." Aliinua macho. "Sikiliza, dada. Figo za mwezi huu zimeiva jana. Kura ni kesho kutwa. Mwalimu akae kiti cha kumi na mbili. Mwezi ujao nazibadilisha gololi, kimya kimya, na hapana atakayeumia."

"Kiti cha kwanza atakaa nani?"

"Mtu," alisema Bwana Ghalibu. "Si wewe uliyeandika kwamba hali ni moja?"

Ruzuna aliondoka bila ya kusema ndiyo, wala hakusema siyo. Njiani hakuwaza juu ya haki. Aliwaza juu ya kiti cha kumi na mbili, jinsi kilivyo karibu na mlango, na jinsi itakavyokuwa rahisi kwa mgonjwa asiyejiweza kukaa hapo.

"Kesho kutwa ukae mwisho, kaka," alimwambia Haruni hata kabla ya kuvua viatu.

"Kwa nini?"

"Kaa tu. Umechoka. Kiti kile kiko karibu."

"Kibao chako chasema hali ni moja. Tena nitawaambia nini hao wanaonivuta mbele?"

"Waambie mdogo wako amekuomba."

"Ruzuna," alisema Haruni.

Alimwita hivyo, jina tupu, kama alivyokuwa akimwita utotoni alipoikagua sura ya Kurani aliyoiandika ubaoni na kumkuta ameruka aya. Ruzuna akamweleza yote: mizani, punje ya mchele, taarifa iliyofunguliwa mara moja, mama yake Ghalibu, Alhaji Mwinyikondo na kiganja chake kifuani. Kisafishadamu kiliendelea kunong'ona. Haruni alisikiliza hadi mwisho.

"Ungenyamaza," alisema.

"Kaka?"

"Ungenishika mkono pale mlangoni, ukanikalisha nyuma kwa nguvu, nikadhani ni wazimu wa mdogo wangu. Ningeipata. Ningemshukuru Mungu, nisijue kitu. Ungeniambia mwakani. Kwani ulikuwa na haraka gani ya kuniambia leo?"

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza. Na wewe ukajibu, kama kawaida yako." Aliufunika uso kwa viganja. "Bado unadhani naweza kukaa nyuma?"

"Unaweza. Miguu ni yako."

"Hadi jana ilikuwa kura. Kesho kutwa, kwa mtu anayejua, ni kumpokonya mwenziwe mkononi. Na ninaitaka, Ruzuna. Wallahi ninaitaka. Usije ukawahadithia watu kwamba sikuitaka."

Bi Saumu alikuwa amesimama kizingitini, na kikombe cha maji mkononi. Alikuwa amesikia.

"Basi kaa nyuma," alisema. "Dhambi nitaibeba mimi. Nimeshabeba mengi katika nyumba hii."

"Haibebeki hivyo, mke wangu."

"Nani kakuambia? Umewahi kujaribu?"

Haruni alimwambia nduguye, bila ya kumtazama, kwamba awaambie wagonjwa wote kumi na wawili, tena kabla hawajakaa. Kisha akaomba maji ya udhu, akageukia ukuta.

Siku ya kura Ruzuna alisimama mbele ya tufe saa tatu asubuhi, wagonjwa wakiwa bado wanasalimiana, akawaambia. Alisema kwa ufupi, kwa maneno mepesi, na alizileta gololi mbili katika mizani wazione. Sahani ya kijani ilishuka. Alhaji Mwinyikondo hakuwapo; alikuwa nyumbani, mzima.

Bi Zuwena ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, mimi nimekaa kiti cha pili kwa miezi mitano. Mwezi wa pili mume wangu aliniambia nikae nyuma, nikamwonyesha kile." Alikinyoshea kidole kibao cha marumaru. "Nikamwambia, binti Khelef kasoma kuliko wewe."

"Nilikosea, Bi Zuwena."

"Hesabu ilikuwa ya uongo?"

"Hesabu ilikuwa ya kweli. Sikuzitazama gololi."

"Ulikuwa wapi miezi yote hiyo?" aliuliza mwanamume mmoja kutoka nyuma, wala hakungoja jibu, alikaa chini sakafuni, kwa kuwa hapana aliyejua tena akae kiti gani. Mwalimu Haruni alikuwa amesimama kando, akiegemea bega la mkewe, na hapana aliyemwambia atangulie.

Bwana Ghalibu alisogea katikati ya ukumbi. Kwa sauti yake ya chini alitangaza kwamba Kitalu kinaiheshimu kauli ya mtaalamu, na kwa sababu hiyo kura inasimamishwa, orodha inafungwa, wala hapana jina litakaloingizwa hadi uchunguzi umalizike.

"Uchunguzi wa siku ngapi?" aliuliza Ruzuna.

"Kanuni inatoa arobaini na tano."

"Figo zina siku tisa. Tatu zimekwisha kupita." Alitazama huku na huku. "Nipeni karatasi moja na mkasi. Nitakata vipande kumi na viwili sawasawa, vitatu nitavitia alama, tuvikunje, tuvitie katika kofia. Kila mtu achukue kimoja. Tutakuwa tumemaliza kabla ya adhuhuri."

Mzee mmoja alikwisha kuivua kofia yake, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, akainyoosha mbele kwa mikono miwili. Kwa kitambo kidogo watu wote waliitazama kofia ile tupu.

"Kanuni yasema kura ipigwe kwa chombo kilichothibitishwa na mtaalamu wa hesabu za nasibu," alisema Bwana Ghalibu.

"Mimi ndiye. Naithibitisha kofia."

"Uthibitisho wako, Daktari, ndio unaochunguzwa."

Mzee alingoja, kisha akaivaa tena kofia yake.

Siku ya tisa figo tatu zilitolewa katika mapipa zikiwa zimegeuka rangi. Wafanyakazi wa Kitalu hawakuthubutu kuzitupa, kwa kuwa kiungo cha mwanadamu huzikwa. Walimwita imamu, naye akauliza ni viungo vya nani. Walimwambia kwamba si vya mtu. Vilikusudiwa kuwa vya watu. Imamu alifikiri, akaamuru vifungwe katika kitambaa cheupe na kufukiwa bila ya sala.

Haruni Khelef alifariki siku ya ishirini na tatu ya uchunguzi, baada ya sala ya alasiri. Katika siku zile ishirini na tatu alisema na nduguye mara nyingi, kwa upole, juu ya hali ya hewa, juu ya wanafunzi wake, juu ya kitabu alichotaka kirudishwe kwa mwenyewe. Juu ya kura hakusema naye tena. Ruzuna alingoja neno hilo, la msamaha au la lawama, na aliendelea kulingoja hata walipokuwa wakimtoa kwa jeneza mlangoni.

Siku ya tatu ya matanga, chumba cha wanawake kilijaa. Bi Saumu alikuwa ndani, katika eda, nyuma ya pazia. Bi Zuwena aliingia akishikwa mkono na bintiye, akatoa pole, akasoma alichojaaliwa kusoma, kisha akajisogeza hadi ubavuni kwa Ruzuna. Miguu yake ilikuwa imevimba zaidi. Vikombe vilikuwa vikikusanywa.

"Mwanangu," alisema Bi Zuwena kwa sauti ya chini, "nikuulize kitu. Usinione mtu mbaya."

"Uliza, Bi Zuwena."

"Wanasema uchunguzi ukiisha tutapigiwa kura kwa gololi za mti, zilizopimwa."

"Ndiyo. Nimezipima mimi mwenyewe. Zina uzito mmoja."

"Na orodha haijafunguliwa."

"Haijafunguliwa."

"Basi siku hiyo tutakuwa wangapi?"

Ruzuna aliitazama mikono yake. "Kumi na mmoja."

"Na figo ni tatu vile vile?"

"Tatu."

Bi Zuwena alihesabu kwa vidole, akafika mahali akakwama, akaanza tena. "Hiyo ni robo, au imepungua?"

"Imezidi. Sasa ni tatu katika kumi na moja."

"Imezidi sana?"

"Kidogo. Sehemu moja katika arobaini na nne."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zuwena. Kisha akalisikia alilolisema, akajiziba mdomo kwa upindo wa leso, na machozi yakamtoka. Alitazama kwenye pazia, alikokuwa mjane, akamtazama Ruzuna, akasubiri kufukuzwa.

Ruzuna alimsogezea mto ili ainue miguu.

"Mahali popote utakapokaa," alimwambia, "ni hiyo hiyo."